Duka la vifaa vya mlima mtandaoni: anza hivi

Haipiti wiki bila mtu kunipigia. "Kaka, nimefungua duka la vifaa vya kupanda mlima, na ukurasa wa Instagram ninao, mbona wateja hawaji?" Nikiufungua huo ukurasa nakuta yaleyale: nembo, picha ya Kibo iliyookotwa mtandaoni, rundo la majaketi lililopigwa picha usiku chini ya taa ya njano, na chini yake maneno "Bei njoo inboksi". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Nalenga duka dogo la Moshi au Arusha, linalokodisha zaidi ya kuuza, mwenye duka mmoja na msaidizi mmoja. Kama uko Nairobi unauza mahema ya wapanda Mlima Kenya, au Kasese unakodisha mabuti ya mpira ya Rwenzori, mengi yatakufaa vilevile.

Nadharia ni fupi. Mtu aliyeko Ulaya au Dar es Salaam anayejiandaa kupanda Kilimanjaro ana hofu nne: nitaganda? Kitanitosha? Kimefuliwa au jana kalalia mwingine? Nikitua KIA nitakikuta kweli? Kila unachoposti kijibu hofu mojawapo. Kisichojibu hata moja ni pambo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera inayofaa. Si lazima iwe ya bei mbaya. Kabla ya kila picha futa lenzi kwa kitambaa. Nusu ya picha za ukungu ninazotumiwa ni mafuta ya vidole.
- Laini ya pili, ya duka peke yake. Usichanganye wateja na kikundi cha harusi ya shemeji.
- Barua pepe ya duka, na nywila ambayo hujaitumia kwingine.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Nitaeleza kazi yake.
- Futi ya fundi cherehani.
- Ukuta mmoja mtupu wa rangi moja, karibu na mlango unaopitisha mwanga.
- Daftari kubwa la mistari.
- Mtu wa kuvaa vifaa mbele ya kamera. Msaidizi wako anatosha. Andika urefu wake na uzito wake, utauhitaji.

Fedha ya matangazo sijaiweka kwenye orodha. Haihitajiki mwezi wa kwanza, wala wa pili.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu mzigo, kila kitu kipe namba.

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina uhusiano na simu. Chukua kalamu ya wino usiofutika au kipande cha kitambaa, kila kifaa kipate namba yake: sliping begi S1, S2, S3, majaketi J1, J2, fimbo za kutembelea F1 na kuendelea. Ishone au iandike ndani, penye lebo. Kwenye daftari kila namba iwe na mstari wake: saizi, hali, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Niliposti jaketi jekundu, zuri, moja tu dukani. Watu wawili wakaliomba kwa tarehe zinazogongana, nikawaitikia wote, mmoja Instagram, mwingine WhatsApp. Wa pili alifika mlangoni saa 4 usiku, kesho yake asubuhi anaelekea Machame. Ilibidi niende kumgongea jirani nikodi kwake kwa bei ya kwake, nimpe mteja kwa bei yangu ya mtandaoni. Tangu siku hiyo hakuna picha inayotoka bila namba ya kifaa, na hakuna "ndiyo" inayotoka kabla sijafungua daftari.

2. Chagua sehemu mbili tu.

Instagram ya kuonyesha, WhatsApp Business ya kuuzia. Zinatosha. Mteja anakuona kule, anamalizana nawe huku.

Ya tatu, ambayo si mtandao wa kijamii hasa lakini usiikose, ni kuliweka duka kwenye ramani ya Google. Mgeni akishuka hotelini anaandika "kukodi vifaa Moshi" kwa lugha yake, na ramani ndiyo inayomjibu. Piga picha ya mbele ya duka ikionyesha jirani zako pia, ili dereva wa bodaboda alitambue.

TikTok ongeza kama dukani kuna kijana anayeipenda. Facebook bado ina wageni wa umri mkubwa, na wengi wa hao ndio wenye muda na pesa ya kupanda mlima, ila ni rahisi: unganisha na Instagram, kila posti iende kote. X usiijengee duka. Tangu Mei 2025 haifunguki kwa kawaida hapa Tanzania.

Kosa la kawaida: kufungua akaunti tano siku moja, halafu nne zinalala. Mgeni akikuta posti yako ya mwisho ni ya mwaka juzi anaamini duka limekufa.

3. Jaza wasifu kama kibao cha barabarani.

Instagram inakupa herufi 150 tu. Usizimalize kwa "Mungu ni mwema, ubora ndio jadi yetu". Andika unachofanya, uko wapi, unafungua lini. Mfano:

"Tunakodisha sliping begi, majaketi na mabuti ya Kilimanjaro. Moshi mjini. Kila siku saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku. Weka nafasi WhatsApp."

Weka toleo la Kiingereza kama wageni ndio wateja wako wakuu, lakini kumbuka saa: saa 1 yetu asubuhi ni saa 7 yao. Nimeona duka lililoandika "1 to 3" na wageni wakadhani linafunguliwa mchana kwa saa mbili.

Kwenye jina la akaunti weka neno la kazi na la mahali. Jina la mtoto wako halitafutwi na mtu aliyeko Ujerumani.

Kisha kiungo. WhatsApp Business inakutengenezea kiungo kifupi kinachoanzia na wa.me, mteja akikibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo. Kijaribu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine.

4. Piga picha kana kwamba mteja anakishika.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Nitachukua sliping begi peke yake kama mfano, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko vyote na ndiyo inayopigwa picha vibaya kuliko vyote. Watu huiposti ikiwa imefungwa kwenye mfuko wake, kama gunia la mkaa. Mteja aone nini?

Fanya hivi. Subiri saa 2 au saa 3 asubuhi, mwanga uingie mlangoni bila jua kali. Itoe kwenye mfuko, itikise, iache robo saa ijae hewa. Iliyobanwa wiki nzima huonekana nyembamba kama shuka. Itandike juu ya godoro la mazoezi au mkeka, mbele ya ule ukuta mtupu. Kisha picha sita, katika posti moja ya kupekua:

Ya kwanza, begi zima, limefunguliwa kidogo juu ili ndani paonekane. Ya pili, msaidizi wako amelala ndani, na umeandika urefu wake: "Aliyemo ana sentimita 178, na nafasi ya miguu imebaki." Ya tatu, lebo ya joto, karibu kabisa, inasomeka. Ya nne, zipu. Ya tano, mfuko ukining'inia kwenye mizani, namba zinaonekana. Ya sita, begi likiwa juani linakauka baada ya kufuliwa.

Ile picha ya mizani wageni wanaipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Kampuni nyingi za mlima huwaambia begi la kubebwa na mpagazi lisizidi kilo 15, na mzigo wote wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Mtu anayejua hilo yuko nyumbani kwake anapima soksi. Ukimwonyesha kwamba sliping begi lako ni kilo 1.8, umemjibu swali ambalo hata hajaliuliza.

Zipu ipige video. Sekunde kumi na mbili, bila muziki: mkono unaivuta kutoka miguuni hadi kichwani, mara mbili, isikwame. Ile sauti ya zipu inayoteleza imeniletea wateja kuliko wimbo wowote. Aliyewahi kukwamiwa na zipu kambi ya Barafu saa 5 usiku, wenzake wameshavaa tochi za kichwani wanaelekea kileleni, ataelewa.

Majaketi na suruali: usitundike kwenye hanga tu, mvalishe mtu. Saizi za Ulaya, Marekani na Uchina hazilingani, kwa hiyo pima kwa futi kifua, mkono na urefu, uandike sentimita. Mabuti: onyesha soli. Ikiwa imelika, usiliposti, lipeleke kwa fundi.

Onyo: usitumie picha za mtengenezaji. Mteja anaona jaketi jipya linang'aa, akifika anapewa lililofifia mabega, na hapo maoni yake kwenye ramani utayasoma mpaka unazeeka.

5. Andika maelezo ya kweli, na bei iwepo.

Kila posti ibebe vitu hivi, kwa mpangilio wowote: namba ya kifaa, saizi, uzito, hali, bei ya kukodi kwa safari nzima au kwa siku, na kama kipo kwa tarehe zijazo.

Bei iandikwe. "Njoo inboksi" inamfukuza mgeni, maana kwake inasomeka kwamba bei itategemea sura yake. Iandike kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa dola, na ukurasa wako ni tangazo. Mgeni ana kikokotoo kwenye simu yake.

Joto la sliping begi ndilo linalodanganyiwa kuliko yote, mara nyingi bila kukusudia. Lebo inayofuata kipimo cha ISO 23537 huwa na namba tatu. Namba ya "Comfort" ni joto ambalo mtu atalala vizuri. "Limit" ni mpaka, atajikunja lakini atalala. "Extreme" si ya kulala. Ni ya kunusurika kwa saa chache. Duka linaloandika "nyuzi 20 chini ya sifuri" kwa kunakili namba ya "Extreme" linampeleka mtu kuteseka. Kambi za juu kama Barafu na Kibo usiku hushuka chini ya sifuri, na kileleni baridi inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Andika namba ya "Comfort". Kama lebo imefutika, sema imefutika, na useme umewahi kumpa nani (bila jina lake) akalala wapi.

Kuhusu chapa: vifaa vyetu vinatoka sehemu tatu. Kuna vipya vya dukani, kuna mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, na kuna vile ambavyo wageni huwaachia waongoza wageni na wagumu (wapagazi) kama bahshishi, navyo huishia kwetu. Vyote ni halali kuviuza, mradi usiseme uongo. Jaketi la mtumba la The North Face lililo halisi ni bora kuliko jipya la bandia, na mgeni anayejua vifaa analijua kwa kuona mshono. Andika "imetumika". Cha bandia usikipe jina la chapa hata kidogo. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na posti yako yenyewe ni ushahidi tosha.

6. Panga WhatsApp ikufanyie kazi umelala.

Saa 2 usiku New York ni saa 9 usiku Moshi, na majira yao ya baridi ni saa 10. Mteja anaandika akiwa amemaliza chakula cha jioni, wewe uko usingizini. Kwa hiyo:

Weka ujumbe wa kutokuwepo, utaje saa utakayojibu. "Hapa ni usiku sasa. Nitakujibu kabla ya saa 2 asubuhi, saa za Tanzania. Wakati huo nitumie tarehe za kupanda, njia, urefu wako na saizi ya kiatu." Mstari wa mwisho ndio wenye faida: ukiamka unakuta kila kitu, unafungua daftari, unajibu mara moja.

Jaza katalogi. Nafasi ipo ya bidhaa mamia, lakini huna haja ya kuweka kila sliping begi. Weka kwa aina: ya kawaida, ya baridi kali, ndefu. Halafu andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayorudi kila siku: duka liko wapi, mnafua vipi, naweza kurudisha usiku. Tumia na lebo za rangi: "ameuliza", "amelipa kianzio", "kachukua", "hajarudisha". Hiyo ya mwisho itakuokoa.

Tahadhari ya orodha ya kutuma kwa wengi: ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Waombe waongoza wageni waihifadhi, wageni usiwasumbue.

7. Omba kianzio, utoe risiti ya maneno.

Anayeuliza bila kulipa chochote bado hajaweka nafasi. Omba kishika uchumba kidogo. Kwa Mtanzania lipa namba inatosha, kwa mgeni kubaliana na kampuni inayompeleka mlimani ikulipie na kumdai kwake. Ukishapokea, tuma ujumbe mmoja ulio kamili: namba za vifaa, tarehe, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na sera ya kuchelewa ndege. Ndege huchelewa.

Usiombe picha ya pasipoti kwa WhatsApp. Ukilazimika kuiona, iangalie dukani, umrudishie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, nayo haisemi duka dogo limesamehewa.

8. Posti kabla ya msimu.

Msimu mkavu ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Lakini anayepanda Julai anapanga vifaa Mei, wakati wewe umekaa dukani unatazama masika na kudhani hakuna biashara. Mei ndiyo ya kuposti. Tumia masika kufua, kushona na kupiga picha. Tumia vuli ya Novemba kwa wa Januari.

Usiwasahau wa kwetu. Desemba, kuelekea sikukuu ya Uhuru tarehe 9, makundi ya Watanzania hupanda, na wengi hawajawahi kushika gaita, kile kifuniko cha kuzuia vumbi na theluji kuingia kiatuni. Waandikie kwa Kiswahili, uwaeleze kifaa kinavaliwaje, siyo bei tu. Machi kuna makundi ya Siku ya Wanawake. Onyesha saizi za wanawake ulizonazo, maana malalamiko ninayoyasikia ni kwamba maduka yana XL za wanaume tupu.

Posti mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mojawapo isiuze kitu. Mwaka 2015 REI, ushirika wa vifaa vya nje ulioanzishwa Seattle mwaka 1938, ulifunga maduka yake yote 143 siku ya Black Friday, siku ambayo Wamarekani hununua kama wamefukuzwa, ukawaambia watu waende porini na kuposti kwa hashitegi ya OptOutside. Maduka yao hayakuuza kitu siku ile, na bado inazungumzwa. Sisi wa kufunga duka hatuna ubavu huo. Ila kuna posti ya bure inayofanya kazi ileile: kila asubuhi saa 12 na nusu panda juu ya paa, piga picha ya Kibo, andika hali ilivyo. "Leo theluji imeongezeka." "Leo mawingu, hatuuoni." Anayesubiri safari yake atakufungua kila siku kabla ya kunywa chai. Wiki mbili baadaye anajua jina la duka lako kuliko la hoteli yake.

9. Pata picha za mlimani kwa njia iliyonyooka.

Huhitaji kupanda. Waongoza wageni wanapanda kila wiki, na mtandao uko mpaka juu. TTCL walizindua intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720, Agosti 2022. Kubaliana na wawili watatu: wakupigie picha ya kifaa chako kikitumika, wewe uwape punguzo kwenye vifaa vyao wenyewe. Picha ya S7 ndani ya hema Barafu, na barafu imeganda kwenye kamba, inauza kuliko maneno yangu yote haya.

Masharti: aliyemo pichani akubali. Mgeni aulizwe, na mpagazi aulizwe vilevile. Usiposti picha ya mgumu aliyevaa raba zilizochanika ili kupata huruma au kicheko. Ni kazi yake, na ana watoto wenye simu. Kama una mabuti mazee yanayofaa bado, wapelekee. Mjini Moshi uko mradi wa KPAP unaowaazima wapagazi nguo na mabuti bila malipo.

Droni haziruhusiwi hifadhini bila kibali, na kupiga picha za kibiashara kuna utaratibu wake kwa TANAPA. Akikuletea mtu video nzuri ya droni ya kileleni, muulize kibali kabla ya kuiweka kwenye ukurasa wako.

10. Mteja akirudisha, usimwache aondoke hivihivi.

Ule muda anapokurejeshea fimbo, uso umebabuka na jua, anasimulia Stella Point kule karibu na kilele, ndio wa kumwomba maoni kwenye ramani. Sio kesho kwa ujumbe. Mwombe pia picha yake, na ruhusa. Kisha kagua kifaa mbele yake, andika kwenye daftari.

Ikikwama

*Wanapenda picha, hawaulizi.* Angalia kiungo kama kinafunguka na bei kama ipo. Kama vyote viko sawa, huenda wanaopenda ni wenye maduka wenzako. Instagram ya biashara inakuonyesha wanaokufuata wako nchi gani. Wakiwa wote Moshi, andika Kiingereza zaidi na taja majina ya njia: Machame, Lemosho, Marangu, Rongai. Ndiyo maneno wanayotafuta.

*Wanauliza bei, wanapotea.* Mara nyingi ulichelewa kujibu, au ulijibu bei peke yake. Jibu bei, halafu uliza tarehe. Asiyeulizwa swali haoni haja ya kuandika tena.

*Wanaomba vitu usivyo navyo.* Zuri hilo, andika daftarini. Mimi nilianza kuweka chupa za maji za kudumu kwa sababu hiyo: chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi hifadhini, na wageni walikuwa wanagundua wakiwa wameshafika.

*Duka jingine limetumia picha zako.* Namba za vifaa zinaonekana pichani, si ndiyo? Mpigie kwanza, mji ni mdogo. Akikaidi, ripoti ndani ya Instagram.

*Mteja amekulalamikia hadharani.* Jibu mara moja, kwa ufupi, bila hasira: kilichotokea, ulichofanya. Kama kosa ni lako sema ni lako. Usifute, na usimtume binamu yako aandike nyota tano siku hiyohiyo. Wageni wanasoma tarehe.

*Akaunti imechukuliwa.* Kwa kawaida ulipokea ujumbe unaosema umekiuka hakimiliki, bonyeza hapa, au "rafiki" aliyekuomba umtumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, Instagram na WhatsApp zote, na zile namba sita usimpe mtu, hata mke. Kama imeshachukuliwa, anza na barua pepe ya duka: Instagram hutuma taarifa ya mabadiliko pamoja na njia ya kuyatengua. Halafu watangazie waongoza wageni kwa laini nyingine wasitume kianzio kwa mtu yeyote mpaka uwaambie.

*Unaulizwa kama uongeze matangazo ya kulipia.* Chukua posti moja iliyokwisha kuleta maulizo yenyewe, iweke fedha kidogo, elekeza kwa nchi mbili tu ambazo wageni wako wanatoka, mwezi Mei. Kama daftari halioneshi tofauti baada ya wiki mbili, acha, hiyo fedha kanunulie zipu.